Damu ya Nyumba ya Ghati

1

Siku ya tisa ya Hesabu, Wankyo Magige alikuwa ameshawatoa nje watu mia mbili na kumi, na chai yake ya asubuhi alikuwa bado hajaigusa. Ilikaa pale mezani imeota utando, kando ya mashine ya kijivu waliyoiita Mizani. Watu wa foleni waliikodolea macho chai hiyo kuliko walivyomtazama yeye. Mtu akiogopa hutafuta kitu kidogo cha kutazama.

Kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Unakaa kitini, unatobolewa kidole, tone la damu linaingia Mizani, na Mizani inalilinganisha na jino. Miaka ile nguzo za Paa zilipochimbiwa, makaburi yote ya kilimani yalihamishwa, na kila maiti ikang'olewa jino moja, likawekwa kwenye droo yenye jina. Hao ndio waliokuwa wenye ardhi, na majina yao ndiyo Orodha ya Kwanza. Damu yako ikikubaliana na jino la mmoja wao, na karatasi zikakubaliana na damu, unabaki chini ya Paa ukivuta hewa iliyochujwa. Zisipokubaliana, unapewa barakoa moja na siku tatu. Huko nje vumbi la mashimo ya dhahabu halikuwa na haraka na mtu. Mwenye mapafu mazuri alimaliza misimu miwili.

Wankyo hakujiona mkatili. Alijiona hodari, jambo ambalo ni baya zaidi. Miaka kumi na moja alikuwa mfuatiliaji wa nasaba, na hakuna daftari la ubatizo lililomshinda kusoma, wala mwandiko wa karani mlevi. Walioangua kilio mbele yake aliwaambia kwa upole kwamba siye yeye anayewatoa, ni damu yao. Alilisema hilo mara nyingi mpaka likamlainikia mdomoni.

"Anayefuata."

Akaja bibi mmoja mrefu, mgongo umenyooka, akaketi bila kuambiwa. Nyuma yake walisimama watu wazima na watoto, wamejaza nusu ya ukumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tufanye haraka, nimeacha mzazi nyumbani. Mkwe wangu kajifungua juzi."

"Hongera. Jina?"

"Mokami Marungu. Na hawa wote ni wangu, thelathini na wanne na mimi mwenyewe. Huyo mchanga bado hamjamwandika."

"Mnadai mlango wa nani kwenye Orodha ya Kwanza?"

"Hatudai," alisema Mokami. "Sisi ni nyumba ya Ghati Sinda. Tumeandikwa hivyo tangu Hesabu iliyopita, mlipokuwa mnasoma karatasi tu."

Wankyo akamtoboa kidole kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyozoea, bila glavu, maana glavu zilikuwa zimekwisha siku ya nne. Mizani ikanguruma kidogo. Kisha maandishi mekundu yakatokea: HAKUNA UHUSIANO. Chini yake ukaja mstari mwingine ambao Wankyo hakuutarajia: MWENYE JINO NI MWANAMKE.

Akaivuta karatasi ya ubatizo wa Marungu, baba yake Mokami. Baba: Ghati Sinda. Mama: Nyanokwe Kerario.

Bwana Mniko, msimamizi wa ofisi, alikuwa amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Wanawake wawili wamezaa! Waandikie watoke, Wankyo, tusipoteze muda. Hii ni karatasi ya kughushi."

Mokami alifuta tone la damu kwenye ncha ya kitenge chake, akamtazama Mniko kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akainuka. Wankyo alipiga muhuri wa siku tatu, lakini lile jambo lilimkwama. Mtu anayeghushi huandika jina la mwanamume.

2

Alilipata jibu siku ya pili, kwenye kabati la baraza la ukoo ambalo hakuna aliyelifungua tangu yeye aajiriwe. Katekista aliyembatiza Marungu hakuwa amekosea wala kulewa. Kwenye kitabu cha baraza, kwa mwandiko uleule, aliandika kwamba Ghati Sinda, mjane asiye na mtoto, amemwoa Nyanokwe mbele ya wazee, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Wankyo alikumbuka utani wa bibi yake kuhusu nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili jina lisife. Aliwahi kudhani ni hadithi ya kuchekesha watoto. Waliotunga sheria ya Paa walikuwa watu wa kutoka mbali, na hawakuwa na utani wa namna hiyo.

Alikwenda kwa Mokami mchana uleule. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na harufu ya uji wa mzazi. Mkwe alilala kitandani, mtoto ubavuni, na mumewe, Ryoba, mwana wa Mokami, aliketi sakafuni amejishika kichwa.

"Bibi," alianza Wankyo, "Ghati alikuwa mwanamke."

"Hilo umelijua leo?"

"Sheria hailijui."

"Basi sheria yenu haikulelewa na bibi," alisema Mokami, akamsogezea kigoda. "Mimi nimemwona Ghati kwa macho yangu. Mumewe alikufa, mashemeji wakaanza kupima shamba kwa hatua angali amevaa nguo za msiba. Akauza alichouza, akaoa. Nyanokwe akazaa wanne, na wote ni wa Ghati. Aliwakoromea, aliwachapa, aliwalisha, aliwapa jina lake. Unataka nini zaidi ili mtu awe wako?"

"Mimi sitaki kitu. Mizani inataka damu, na Nyanokwe hakuzikwa kilimani, jino lake halimo." Wankyo akainama. "Nani aliwazaa, bibi?"

Mkwe akageuza uso ukutani.

"Alikuja, akaenda," alisema Mokami.

"Alikuwa na jina. Kama alikuwa wa hapa kilimani, jino lake lipo. Nitajie tu. Damu yenu ikikubaliana naye, mnahamia kwenye mlango wake, wote thelathini na wanne, na tarehe zenu za zamani za kuandikwa mnabaki nazo. Sheria haiulizi alipitia mlango au dirisha."

"Nikimtaja, hawa wanakuwa watoto wake. Na Ghati anabaki mwanamke tasa aliyewahi kupita hapa. Baba yangu aliniapisha juu ya kaburi la Ghati, kabla ninyi hamjalichimbua. Aliyezaa bila kuandikiwa watoto hatajwi, hata kwa kulewa, hata kwa hasira."

"Mama, mtaje!" Ryoba alipaza sauti. "Kaburi halina mapafu. Huyu mtoto anayo!"

"Kaa chini."

"Nimekaa chini, mama."

"Basi nyamaza."

Ryoba alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mwenye mikono ya kunyanyua magunia, na alilia mbele ya mgeni bila kujificha. Wankyo aliona aibu kumtazama.

"Huko nje mtakufa, bibi. Mtoto atatangulia."

"Usinitajie mtoto ndani ya nyumba yangu kana kwamba simwoni." Mokami akamsindikiza Wankyo hadi mlangoni, na hapo akamshika kiganja kwa mikono miwili. "Najua mashine yenu inaweza kumtafuta hata nisipomtaja. Damu yangu mnayo. Nakuomba kama ningemwomba mwanangu wa kumzaa. Usimtafute."

Wankyo hakuahidi. Alirudi akipanda ngazi za ofisi huku moyoni ameshaamua. Ni ujinga kuwaacha watu thelathini na wanne wafe kwa ajili ya heshima ya mfu. Angewaokoa kwa nguvu, wamchukie wakiwa hai. Alijisikia vizuri, karibu aimbe.

3

Kesho yake, siku ya tatu na ya mwisho, alifungua msako mpana. Mizani ilipaswa kupitisha tone la Mokami kwenye meno yote mia nane na kumi na mawili, kazi ya nusu saa. Wankyo aliosha kikombe chake, akanoa penseli, akapanga droo ambayo haikuhitaji kupangwa. Mniko alichungulia akauliza vipi wale wa wanawake wawili, akamjibu kwamba anamalizia.

Jibu lilikuja kwa maandishi ya kijani. UHUSIANO KAMILI. Jina lililofuata alilisoma mara tatu.

Magige Nyamhanga alikuwa baba wa babu yake. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwa mama yake Wankyo tangu yeye mdogo: mzee wa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote, amekunja uso kama mtu ambaye dhambi alisimuliwa tu. Kumbe alikuwa akiteremka kilima kwenda kwa Nyanokwe, na si mara moja, maana watoto walikuwa wanne na wote wake. Marungu na babu yake Wankyo walikuwa ndugu wa baba mmoja. Mokami alikuwa shangazi yake.

Alifurahi. Lazima lisemwe, kwa sababu baadaye alijaribu kusahau: alifurahi hadi akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mtoto wa pekee, na sasa alikuwa na shangazi mwenye mgongo ulionyooka, na ukumbi mzima wa ndugu.

Kisha mistari ya chini ikajitokeza mmoja mmoja, polepole, kama Mizani ilivyozoea.

MLANGO WA MAGIGE. NAFASI: 60. WALIOPO: 28. WANAOINGIA: 34. WALIOZIDI: 2.

Kila mlango ulikuwa na nafasi sitini, si pungufu wala zaidi, kwa kuwa hewa ilipimwa hivyo. Nafasi zikizidi, hutoka aliyeandikwa mwisho. Wankyo hakuhitaji kuendelea kusoma. Mwaka jana binti yake Robhi alirudi kutoka kwa mumewe, jicho moja limevimba, ameshika mkono wa mtoto wake. Yule bwana aliwafuta kwenye mlango wake wiki ileile, akaingiza mke mwingine. Wankyo ndiye aliyewaandika upya, kwa mkono wake, na siku ile alishukuru kwamba kwa Magige nafasi zilikuwa tele.

WANAOTOKA: ROBHI. NYASUMA, MIAKA MINNE.

Simu ikalia. Alikuwa Robhi.

"Mama, leo unakula wapi? Nimepika makande."

"Nitakuja."

"Nyasuma anauliza kama kwenye droo zako kuna jino la tembo."

"Mwambie hakuna."

"Mama, una nini? Sauti yako."

"Vumbi tu," alisema Wankyo, akakata.

Kwenye Mizani kulikuwa na swali linalongoja, na hilo halikuwa la hila yoyote. Wapimaji walitumia mikono mitupu, ngozi zao zilidondoka kwenye damu za watu, na mara mbili mwaka ule Mizani ilimpa mteja babu wa mpimaji. Kwa hiyo mafundi waliifundisha kuuliza kabla ya kupeleka jibu popote: MFANANO UMEONEKANA KATI YA SAMPULI NA MPIMAJI. JE, SAMPULI IMECHAFULIWA NA MPIMAJI? Chini yake NDIYO, na kando yake HAPANA. Akijibu ndiyo, jibu lingefutwa na faili lingerudi kwenye hukumu ya kwanza, labda mpimaji mwenyewe aombe damu nyingine kabla geti halijafungwa. Hakuna mtu duniani ambaye angemshuku.

Aliwaza. Sheria ilimruhusu mtu mzima kumwachia mtoto nafasi yake, na yeye alikuwa mmoja wa wale ishirini na wanane. Angetoka yeye, Nyasuma akabaki. Lakini walizidi wawili, na wa pili angekuwa Robhi. Labda mmoja wa binamu zake wazee angekubali, yule mwenye kisukari, kama angepigiwa magoti. Hayo yote aliyawaza kwa muda mfupi kuliko ambavyo angependa kukumbuka. Watu thelathini na wanne kwa watu wawili. Hesabu hiyo hata Nyasuma angeiweza kwa vidole, kama angekuwa na vidole vya kutosha, na kama asingekuwa ndani ya hesabu yenyewe.

Akajiambia kwamba bibi mwenyewe ameomba. Alimshika mkono, akaomba, usimtafute. Neno lile alilokuwa amelidharau jana alilidaka sasa kwa mikono miwili.

Mniko akapita tena na makabrasha kwapani. "Bado?"

"Nimemaliza," alisema Wankyo, akabonyeza NDIYO.

Saa tano na nusu alikuwa kwa Robhi. Alikula makande sahani mbili, na Nyasuma akalala mapajani mwake.

4

Saa nane mchana alisimama getini, kwa kuwa kanuni ilimtaka mfuatiliaji awepo kila wanapotoka watu wake. Ng'ambo ya kioo upepo ulikuwa unaburura vumbi la rangi ya kutu, hata nguzo ya tatu haikuonekana. Askari wa geti aligawa barakoa kutoka kwenye boksi. Kulikuwa na za wakubwa na za watoto. Za wachanga hazikutengenezwa, kwa sababu waliopanga mambo hayo walipiga hesabu wakaona haina faida.

Nyumba ya Ghati ilikuja imevaa vizuri, kama watu wanaokwenda harusini. Ryoba alibeba godoro. Mkwe alitembea taratibu, miguu imeachana kidogo, kwa namna ya mwanamke ambaye hajapona. Hawakulia. Wankyo aliomba kimoyomoyo waanze kulia, wamtukane, wamtemee mate usoni, na hakuna aliyefanya hivyo.

Mokami alimwendea moja kwa moja.

"Mwanangu. Nilikuona jana ulivyotoka kwangu. Nikasema huyu hataacha, huyu ataitafuta damu. Sikupata usingizi."

"Bibi..."

"Ngoja niseme, muda ni mchache. Asubuhi nikangoja waje kuniambia nimekuwa mtoto wa fulani. Hawakuja. Nikajua umeweza ukaacha." Akavuta pumzi. "Wenye elimu kama yako hawajui kuacha. Wewe umetulindia nyumba. Ghati amekuona."

Akamtemea mate ya baraka kifuani, mara moja, kama wazee wa kwao walivyowabariki mabinti wao. Wankyo alisikia ubaridi wake ukipenya kwenye kitambaa. Neno moja tu lilitosha. Geti lilikuwa bado wazi kwa ndani, sindano zilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, damu mpya ingechukuliwa palepale, na Mizani ya getini ingejibu kabla barakoa hazijaisha kugawiwa. Alifungua mdomo.

"Afisa," askari alimwita. "Karatasi inasema thelathini na wanne. Mimi nahesabu thelathini na watano."

"Ni huyo mchanga," alisema Ryoba. "Alizaliwa Hesabu imeshaanza."

"Hayumo. Asiye na jina sina ruhusa ya kumtoa. Afisa, mwandike." Akamkabidhi Wankyo kishikwambi. "Anaitwa nani?"

"Wankyo," alisema Mokami.

Askari akadhani anamwita afisa. Mokami akatabasamu, na kwa tabasamu lile alionekana msichana.

"Wankyo Ghati. Tumempa jana jioni, watu wote tukakubaliana, hata Ryoba. Somo wako huyo, mwanangu. Hatukuona jina jingine la kuingia nalo huko."

Kishikwambi kilikuwa na sehemu tatu za kujaza. Jina. Mlango. Hatima. Ryoba alimtazama Wankyo, macho mekundu, na ndani ya macho hayo hakukuwa na lawama, na hilo lilimuuma kuliko kofi. Wankyo alimfikiria Nyasuma alivyolala kinywa wazi, punje ya hindi imeganda shavuni. Aliandika jina lake mwenyewe. Kwenye mlango aliandika hakuna. Kwenye hatima aliandika nje, akaweka kidole gumba, na kishikwambi kikakubali.

"Mshikie basi kidogo," Mokami alisema, "mama yake afunge barakoa."

Wankyo alimpokea mtoto. Alikuwa mwepesi, wa moto, amefungwa kitenge kipya, na alikuwa macho. Alimshika vizuri, mkono chini ya shingo kama inavyotakiwa, mpaka mama yake alipomaliza kukaza kamba nyuma ya kichwa. Kisha akamrudisha.